Ghala Limejaa, Mbona Mtoto Hakui?

Ndugu mwanakisomo,

Wakati wa mavuno, panda basi kutoka Iringa kwenda Mbeya. Tazama nje dirishani. Utaona magunia ya mahindi kando ya barabara tangu Ifunda hadi Mafinga. Utafika Makambako, penye maghala makubwa ya kuhifadhi chakula cha taifa. Ukipita Igawa utaona mashamba ya mpunga ya Chimala na Igurusi. Ukikaribia Mbeya utaona viazi mviringo vinapakiwa kwenye malori. Ukiendelea hadi Tukuyu utakuta ndizi, maziwa, chai na maparachichi.

Hii ndiyo Nyanda za Juu Kusini. Ni nchi ya chakula. Miji mingi ya Tanzania hula kutokana na jembe la mkulima wa huku.

Sasa sikiliza habari ya pili. Mwaka 2022 serikali ilifanya utafiti wa afya ya watu nchini kote. Watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa urefu. Katika Tanzania nzima, watoto kama 30 katika kila 100 walikuwa wamedumaa. Katika mkoa wa Iringa walikuwa kama 57 katika kila 100. Hakuna mkoa uliozidi hapo. Njombe walikuwa kama 50.

Mkoa wenye mahindi mengi ndio wenye watoto wengi waliodumaa. Jambo hili si la kuonea aibu na kunyamaza. Ni jambo la kuuliza swali. Katika somo hili tutauliza: kwa nini? Kisha tutaona kijiji chenyewe kinaweza kufanya nini, wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake.

1. UDUMAVU NI NINI?

Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake. Hakuharisha jana wala hana homa leo. Anacheza na wenzake. Pengine mashavu yake yamejaa. Ukimtazama utasema ni mzima.

Kwa sababu hiyo udumavu ni adui anayejificha. Mtoto mwenye utapiamlo mkali huonekana. Hukonda, au miguu huvimba, na watu hushtuka. Lakini mtoto aliyedumaa hashtui mtu. Akisimama na watoto wa jirani, wote ni wa kimo kimoja, kwa sababu wote wamedumaa. Wazazi husema, "Ukoo wetu ni wafupi." Mara nyingi si ukoo. Ni chakula na magonjwa.

Udumavu hauji kwa siku moja. Ni kama deni la dukani. Leo mtoto amekosa kidogo. Kesho ameharisha. Wiki ijayo ana malaria na hali chakula. Kila mara mwili unakosa kidogo, na deni linaongezeka. Siku za hatari zaidi ni tangu mimba inapotungwa mpaka mtoto anapotimiza miaka miwili. Siku hizo ni kama 1,000. Katika siku hizo ubongo hukua kwa haraka kuliko wakati mwingine wowote. Baada ya hapo ni vigumu sana kulipa deni lile.

Mtoto aliyedumaa huugua mara nyingi. Darasani hupata taabu kushika masomo. Akiwa mtu mzima nguvu zake za kazi hupungua. Msichana aliyedumaa akija kupata mimba anaweza kupata shida wakati wa kujifungua, na mtoto wake anaweza kuzaliwa mdogo. Hivyo deni hurithiwa.

2. VIJIJI 168 VYA IRINGA

Swali hili si geni kwetu. Wazee wetu waliwahi kuliuliza, tena kwa sauti kubwa.

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Wananchi walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana. Watu wapatao milioni 2 walishiriki nchini kote. Walijifunza juu ya malaria, kichocho, minyoo, kuhara damu na kifua kikuu. Hawakuishia kusoma. Walichimba vyoo, walifyeka nyasi na kufukia madimbwi. Mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine, Chakula ni Uhai. Madarasa ya kisomo yalikuwa mstari wa mbele katika kazi hizo.

Kisha ikaja zamu ya Iringa. Wakati huo mkoa wa Iringa ulikuwa mkubwa. Njombe, Makete na Ludewa zilikuwa ndani yake, kwani mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012. Katika miaka ya 1983 na 1984 ulianza mpango wa lishe katika vijiji 168. Serikali ya Tanzania ilishirikiana na Shirika la Watoto la Umoja wa Mataifa, UNICEF, pamoja na Shirika la Afya Duniani. Serikali ya Italia ilitoa fedha. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilitoa wataalamu.

Kitu kilichofanya kazi zaidi ya magari na fedha kilikuwa mizani.

Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya. Mizani ilitundikwa, kwa mfano kwenye tawi la mti. Mama walileta watoto wote wa chini ya miaka mitano. Kila mtoto alipimwa, na uzito ukaandikwa kwenye kadi. Wahudumu wa afya wa kijiji, waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, ndio waliopima. Kisha hesabu ilifanywa pale pale. Ni watoto wangapi wako kwenye kijani? Wangapi kwenye kijivu? Wangapi kwenye nyekundu?

Majibu hayakufungiwa kwenye bahasha na kupelekwa mjini. Yalisomwa mbele ya serikali ya kijiji. Kijiji kilijiuliza sababu, kikaamua la kufanya, kikafanya. Baada ya miezi mitatu mizani ilitundikwa tena ili kuona kama yale yaliyofanywa yamefaa.

Wataalamu huzitaja hatua hizo kwa maneno matatu: kutathmini, kuchambua, kuchukua hatua. Sisi tunaweza kusema hivi: pima, uliza kwa nini, tenda. Kisha pima tena.

Matokeo yalionekana. Mpango ulipoanza, watoto kama 56 katika kila 100 walikuwa na uzito pungufu. Ilipofika mwaka 1988 walikuwa kama 38. Watoto wenye hali mbaya kabisa walikuwa kama 6 katika kila 100. Wakashuka hadi chini ya 2. Mfano huu wa Iringa ulienea katika mikoa mingine, na mwaka 1990 UNICEF iliutumia kutengeneza mkakati wake wa lishe kwa dunia nzima. Jambo lililoanzia chini ya miti ya Iringa lilikwenda mbali.

Hapa yafaa tuwe waangalifu. Mizani ya wakati ule ilionyesha uzito. Hesabu ya 57 tuliyoitaja mwanzoni ni ya urefu. Vipimo hivi viwili si kitu kimoja, wala hatuwezi kuvilinganisha moja kwa moja. Mizani iliwaokoa watoto wengi wasife kwa utapiamlo mkali. Lakini ule upungufu wa kidogo kidogo, unaofupisha kimo, bado upo nasi. Kazi haijaisha.

3. KWA NINI? MFANO WA MKUTANO

Tuchukue mfano wa mkutano wa kijiji. Tuseme watoto 60 wamepimwa asubuhi, na 4 wameonekana wako kwenye nyekundu. Mwenyekiti anasimama.

"Ndugu zangu, watoto wanne hali yao ni mbaya. Tumekosa nini?"

Mzee mmoja anajibu, "Mwenyekiti, chakula kipo. Mwaka huu hata panya wameshiba."

Bibi mmoja anaomba nafasi. "Ni kweli, chakula kipo. Lakini mama wa mtoto yuko wapi? Anatoka alfajiri na jembe, anarudi jua linazama. Mjukuu naachiwa mimi. Nguvu ya kuchanja kuni sina. Asubuhi nampa chai na kiporo cha ugali. Mchana nampa kilichobaki. Jioni mama yake akirudi, mtoto amelala."

Mama wa mtoto anasema, "Bibi amesema kweli. Lakini shamba nisipolima mimi atalima nani? Na maharage tuliyovuna yaliuzwa yote. Kuku aliuzwa. Fedha zake sikuziona."

Watu wanakaa kimya. Kisha baba mmoja anasimama polepole. "Mwenyekiti, hilo la maharage ni langu. Niliuza. Fedha nyingine nilinunulia mbolea. Nyingine, nisiwadanganye wazee wangu, ziliishia kwenye ulanzi."

Ndugu mwanakisomo, tazama jinsi mkutano huu ulivyokwenda. Haukumtukana mtu. Uliuliza "kwa nini" mara moja, ukapata jibu. Ukauliza tena, ukapata jibu la ndani zaidi. Ni kama kuchimba mzizi wa mti. Tuone mizizi iliyopatikana.

Kwanza, mtoto anakula mara chache. Mtu mzima anaweza kula mara mbili kwa siku akaendelea. Mtoto hawezi. Tumbo lake ni dogo, kama ngumi yake. Anahitaji kula kidogo kidogo mara nyingi.

Pili, chakula ni cha aina moja. Ugali na uji wa mahindi matupu hushibisha, lakini haujengi mwili peke yake. Mtoto anahitaji maharage, karanga, mayai, maziwa, dagaa, mboga za majani na matunda. Vitu hivi tunavyo. Tunavilima na kuvifuga. Lakini tunavipeleka sokoni vyote, tunabaki na unga.

Tatu, mama amelemewa na kazi. Analima, anachota maji, anatafuta kuni, anapika, ananyonyesha. Hata mama mwenye mapenzi makubwa hawezi kuwa shambani na jikoni kwa wakati mmoja.

Nne, fedha za mavuno hazipangwi na baba na mama pamoja. Msimu wa ulanzi ukifika, nyumba nyingine hukosa hata chumvi.

Tano, magonjwa. Mtoto akiharisha, chakula alichokula hakimfai. Kijiji kisicho na vyoo bora na maji safi kinamwaga chakula cha watoto wake chini.

Baada ya hapo mkutano uliamua hivi. Kila nyumba yenye mtoto mdogo ibakize debe moja la maharage, lisiuzwe. Wakati wa palizi, mama wawili wabaki kijijini kwa zamu kuwapikia watoto wadogo uji mahali pamoja. Kila nyumba itoe unga kidogo. Akina baba wachote maji na kuleta kuni msimu huo. Maamuzi haya hayakungoja mfadhili.

4. UJI MZITO UNAOKUWA MWEPESI

Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza. Asipewe maji wala uji, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mganga wa zahanati. Akitimiza miezi sita aanze chakula, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia miezi 9 ale mara tatu au nne, na kati yake apewe kitu kidogo kama ndizi mbivu au parachichi.

Hapa pana tatizo la uji. Uji mwepesi unanyweka vizuri, lakini ni maji mengi na unga kidogo. Tumbo linajaa maji. Uji mzito una unga wa kutosha, lakini mtoto mchanga hawezi kuumeza. Tufanyeje?

Dawa yake ni kimea. Mama zetu wanakijua, kwa sababu hutumika kutengeneza pombe. Kumbe kinafaa pia kwa uji wa mtoto. Taasisi ya Chakula na Lishe ilikifanyia utafiti na kukisambaza katika miaka ya 1980. Fanya hivi:

(a) Chukua ulezi safi. Uloweke katika maji safi usiku mmoja.
(b) Chuja maji. Funika ulezi kwa kitambaa safi chenye unyevu. Uache siku mbili au tatu mpaka uote.
(c) Uanike juani mpaka ukauke kabisa. Tupa wenye ukungu. Kisha usage.
(d) Pika uji mzito kama kawaida. Uepue, upoe kidogo.
(e) Tia kijiko kimoja cha unga wa kimea na koroga. Uji utalainika na kuwa mwepesi mbele ya macho yako.
(f) Urudishe motoni uchemke tena kidogo. Mpe mtoto ukiwa vuguvugu.

Unga ni ule ule uliotia mwanzo, haukupungua. Kimea kimeuvunja tu ili mtoto aweze kuunywa. Ukiongeza karanga zilizosagwa au maziwa, uji huo unazidi kuwa na nguvu. Chagua karanga na mahindi yasiyo na ukungu, kwa maana ukungu una sumu.

5. KADI NI KITABU CHA MTOTO

Ndugu, wewe sasa unajua kusoma. Basi soma kadi ya kliniki ya mtoto wako. Usimwachie mwuguzi peke yake.

Chini ya mchoro wa kadi kuna miezi. Ubavuni kuna kilo. Kila mwezi mtoto akipimwa, mwuguzi anatia nukta. Nukta zikiunganishwa zinakuwa mstari. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Mstari ukilala kama barabara ya tambarare, ni onyo. Ukishuka, ni hatari. Usingoje mtoto afike kwenye nyekundu. Mstari ukilala tu, uliza: mtoto aliugua? Alikula mara ngapi? Nani alimlisha?

Tufanye hesabu. Mtoto wa mfano wetu alikuwa na uzito huu:

Miezi 7: kilo 7.6
Miezi 8: kilo 7.9
Miezi 9: kilo 7.9
Miezi 10: kilo 7.6

Mwezi wa 8 aliongeza gramu 300. Mwezi wa 9 hakuongeza kitu. Mwezi wa 10 alipoteza gramu 300. Mama anayejua kusoma angeona onyo katika mwezi wa 9, kabla ya hasara.

Kuna pia utepe wa kupimia mkono, sehemu ya juu kati ya bega na kiwiko. Hutumika kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Mkono ukipungua sentimita 11.5, utepe unaonyesha nyekundu. Mtoto huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiwa kati ya 11.5 na 12.5, ni njano, apelekwe apate ushauri na chakula bora. Ukizidi hapo ni kijani.

6. SIKU YA AFYA SI YA MAMA NA MTOTO TU

Siku ile ya afya iliyoanza zamani haijafa. Leo inaitwa Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Kwa kifupi watu husema SALIKI. Hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Tatizo ni kwamba wengi hudhani ni siku ya akina mama. Wanaume hupita mbali. Wazee hubaki nyumbani. Hilo ni kosa. Kila umri una haja yake.

Mama mjamzito. Ahudhurie kliniki mapema, mara tu anapojua ana mimba. Atapimwa damu, atapewa vidonge vya kuongeza damu na kinga ya malaria. Ale mlo mmoja zaidi kuliko kawaida. Siku 1,000 za mtoto zimeanza tayari.

Mtoto. Apimwe na apate chanjo zote. Mara mbili kwa mwaka, mwezi Juni na Desemba, watoto hupewa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo.

Kijana na msichana. Ajifunze kupika mlo kamili na kulima bustani ya mboga. Msichana amalize kukua kabla ya kuzaa.

Baba na mama. Wapimwe shinikizo la damu na sukari pale vipimo vinapopatikana. Wapime virusi vya UKIMWI. Iringa, Njombe na Mbeya ni mikoa ambayo maambukizi yake yamezidi wastani wa taifa. Mama mwenye virusi akitumia dawa kwa uaminifu anaweza kumnyonyesha mtoto wake kwa usalama, akifuata ushauri wa kliniki.

Bibi na babu. Nyumba nyingi za kwetu zinategemea bibi. Wengine wanalea wajukuu ambao wazazi wao walifariki kwa UKIMWI. Bibi asipojua habari za uji na kimea, mtoto hapati. Basi bibi awe wa kwanza kualikwa. Naye apimwe macho na shinikizo la damu.

Wazee wanakumbuka jambo lingine. Zamani watu wengi wa nyanda hizi walikuwa na rovu, yaani uvimbe shingoni. Sababu ilikuwa ni ukosefu wa madini joto katika chakula. Madini hayo huoshwa na mvua katika ardhi ya milimani. Katika miaka ya 1980 watu waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Katika miaka ya 1990 serikali iliagiza chumvi itiwe madini hayo. Leo mtoto mwenye rovu ni nadra kumwona. Nunua chumvi yenye alama ya madini joto, na uitie mwishoni mwa kupika. Ukiona rovu limepungua kijijini, ujue kwamba ugonjwa wa kijiji kizima unaweza kuondolewa.

7. YALIYO HAKI YAKO KUULIZA

Afya ina gharama, na kuna mambo mwananchi anapaswa kuyajua.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwaondolea malipo katika vituo vya serikali wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Muulize mtendaji wa kijiji au mganga mfawidhi taratibu zilizopo sasa, na namna mzee asiyejiweza anavyoandikishwa. Usikae nyumbani na mgonjwa kwa kuogopa malipo usiyoyajua.

Jambo la pili ni mkataba wa lishe. Tangu mwaka 2017 viongozi wa mikoa wametia saini mkataba wa kusimamia lishe, na mkataba huo umeshuka hadi kwa watendaji wa vijiji. Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Fanya hesabu ya kijiji chako. Kama kuna watoto 200, hiyo ni shilingi 200,000. Katika mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kuuliza kwa heshima: fedha hizo zimefanya nini? Mizani ipo? Ni nzima? SALIKI ya mwisho ilifanyika lini, na matokeo yalisomwa wapi?

Matokeo yakifungwa kabatini, mizani haina faida. Vijiji vile 168 vilifanikiwa kwa sababu kila mtu alisikia hesabu ya watoto wake mwenyewe.

8. TUMALIZE

Ndugu mwanakisomo, tumeona kwamba ghala lililojaa peke yake halimkuzi mtoto. Kati ya ghala na mdomo wa mtoto kuna njia ndefu. Njiani kuna kazi za mama, kuna mfuko wa baba, kuna mikono ya bibi, kuna kisima na choo, kuna zahanati na serikali ya kijiji. Njia ikizibwa mahali pamoja, mtoto hapati.

Mkulima hapandi mahindi akasubiri mavuno bila kwenda shambani. Huenda kutazama. Akiona majani yamekuwa njano, huuliza sababu, huweka mbolea, kisha hurudi kutazama tena. Tuwatendee watoto wetu hivyo hivyo. Tupime, tuulize kwa nini, tutende. Kisha tupime tena.

MANENO YA KUKUMBUKA

Udumavu: hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa kukosa lishe bora na kuugua mara kwa mara.
Kimea: nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa.
Rovu: uvimbe wa shingo unaotokana na ukosefu wa madini joto.
SALIKI: Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja vyakula vitano vinavyolimwa au kufugwa kijijini kwenu. Vipi huuzwa vyote bila kubakizwa nyumbani? Nani huamua?
2. Katika msimu wa palizi, nani humlisha mtoto mdogo nyumbani kwako, na mara ngapi kwa siku?
3. Leteni kadi za kliniki darasani. Kila mmoja asome mstari wa mtoto wake au mjukuu wake. Umepanda, umelala au umeshuka?
4. Kwa nini mkutano wa mfano ulifaulu bila kumtukana mtu? Mkutano kama huo unawezekana kijijini kwenu?
5. Darasa lichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wakamwulize mtendaji tarehe ya SALIKI ijayo. Walete jibu katika somo linalofuata.